Urefu wa Alen

Kitu cha kwanza alichokiona Secilia baada ya kuvalishwa miwani ya marehemu mumewe ni kwamba mwanawe hana miguu.

Akapiga yowe. Nalo halikuwa yowe la mchezo. Lilitoka sebuleni, likavuka ua, likawafikia akina mama waliokuwa wakimenya viazi chini ya turubai, nao, kwa kuwa ni watu wenye ushirikiano, wakalipokea bila kuuliza linatoka wapi wala linamhusu nani. Msiba uliokuwa umetulia tangu asubuhi ukaanza upya. Scholastica, jirani Mkatoliki ambaye hulia vizuri kuliko Walutheri wote wa kitongoji, aliangusha kisu akaingia ndani mbio, kiazi mkononi.

"Nani tena? Jamani, nani tena?"

"Hakuna mwingine, mama mkubwa," alisema Loveness. "Aliyekufa ni yule yule."

"Alen hana miguu!" Secilia alilia, akinyoosha kidole kwenye kochi la pembeni. Scholastica akatazama. Kwenye kochi palikuwa na mto wa kufumwa kwa uzi, na juu ya mto palikuwa na paka.

Loveness alikuwa kidato cha tano, ameruhusiwa kutoka bweni kuja kumzika baba yake. Akamshika mama yake mabega, akamweleza kwa upole wa kuazima, upole ambao matroni huutumia kwa wanafunzi wanaoota ndoto mbaya. Huyo, alisema, si Alen mwenyewe, ni sanamu yake. Alen yuko Ujerumani, chumbani kwake, amevaa kofia nzito inayomziba macho. Yeye haoni chumba chake. Anaona kila kinachotazamwa na miwani hii, kana kwamba yumo humu ndani. Na aliyevaa miwani humwona yeye. Ila ile kofia inajua mambo mawili tu: kichwa kilipo na mikono ilipo. Miguu haiijui, kwa hiyo mtambo hauichori.

"Hata angekuwa askofu, mama, angetokea hana miguu."

Sanamu iliyokuwa imekalia mto na paka ikainua mkono, ikasema sikioni mwa Secilia kwa sauti ya mtoto wake wa kwanza, "Shikamoo, mama. Usilie. Ni katuni tu."

"Marahaba. Na hiyo miguu umeiacha wapi?"

Jibu likachelewa. Ujerumani ni mbali na sauti huchelewa njiani. Kisha Alen akacheka.

"Iko chini ya meza, mama."

Kabla maharage ya mchana hayajaiva, kitongoji kizima kilikuwa na habari kwamba mama Alen amemlilia mwanawe kwa sababu ya katuni. Wasichana wa jikoni waliigiza yowe lenyewe mara kadhaa, na aliyeigiza vizuri zaidi alipewa ukoko.

*

Miwani ile haikuwa imewahi kugusa uso wa Secilia. Alen aliituma kupitia mgeni mmoja wa kanisa, ikawa ya mumewe, Tobia, na Tobia aliitumia kwenye mashine ya kusaga, iliyokuwa chakula cha nyumba hiyo na ada ya Loveness. Mota ikikataa, mzee alivaa miwani akasimama mbele yake kama mtu anayesubiri kubatizwa. Alen, aliyesomea mashine huko huko Ujerumani, alitazama kupitia macho ya baba yake na kuchora mshale wa kijani juu ya nati iliyolegea. Mshale huo hakuuona mtu mwingine yeyote. Watu waliokuja na mahindi yao walikaa makusudi ili wamsikilize mzee akibishana na hewa.

"Huo mkanda mimi nimeufunga kabla hujazaliwa," hewa iliambiwa. "Nionyeshe kwingine."

Secilia aliomba avae hata mara moja. Tobia alikataa. "Hii si ya macho ya mama," alisema, akaifungia kabatini pamoja na redio. Secilia alichukulia kuwa ni uchoyo wa kawaida wa wanaume na vyombo vyao. Alinuna siku mbili, akasahau.

Sasa Tobia alikuwa ameanguka kando ya mashine hiyo hiyo, spana mkononi, na asubuhi ya siku hiyo, kabla ya lile yowe na siku moja kabla ya maziko, kikao cha ukoo kilikuwa kimemtaka mtoto wa kwanza.

Desturi ya ukoo wao ni fupi, na kwa sababu hiyo haina pa kukwepea. Jeneza linaposhuka, mtoto wa kwanza wa kiume husimama kichwani pa kaburi, halafu hutupa udongo wa kwanza. Hakuna anayekaa wakati huo, hata mgonjwa huinuliwa. Mtoto anayekaa baba yake akishuka amemkana, na aliyemkana baba hana chake katika vya baba. Vinakwenda kwa ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu alikuwa Sefania, aliyefika kikaoni mapema kuliko wote, akinuka dengelua, pombe ya miwa, kwa mbali, na mfukoni mwa koti lake kitu kizito kilikuwa kimejichora. Kila mtu alikitambua. Kilikuwa kufuli.

"Anazuiwa na kibali," Secilia alieleza. "Akitoka huko kabla hakijakamilika, hataruhusiwa kurudi. Lakini kuna ile miwani."

"Kwa hiyo mwanaume mzima anamzika baba yake kwa bando," alisema Sefania.

"Tumenunua kubwa, baba mdogo," alisema Loveness. "Kwa heshima ya marehemu."

Mwinjilisti Benjamini alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Kisha akasema kwamba, kwa anavyoifahamu desturi, inamtaka mtoto asimame baba yake akishuka, na udongo mama yake anaweza kuutupa kwa niaba yake. Haikutaja nauli.

"Sawa," alisema Sefania. "Na nani atatuambia amesimama? Huyu?" Akamwelekezea Loveness kidevu. "Huyu ambaye sikukuu ya Pasaka alivaa hiyo miwani akaniambia marehemu babu amekaa pembeni yangu, anaulizia mbuzi wake?"

"Na mbuzi ulimrudisha, baba mdogo."

Wazee walitazama chini. Ni kweli mbuzi alirudi, usiku, na kamba mpya.

"Avae mama yake," Sefania alisema baada ya kumeza mate. "Shemeji yangu mimi simtilii shaka."

Hapo hakuna aliyebisha. Secilia ndiye mwanamke ambaye mwaka fulani alisimama mbele ya wazee wa kanisa, akajishtaki mwenyewe kwa peasi chache alizochuma kwenye miti ya misheni, peasi ambazo hakuna mtu alikuwa amezikosa. Walimsamehe. Yeye akalia, na akazilipa.

"Mama Alen akisema kijana amesimama," Sefania alitangaza, "mashine ni ya kijana, na mimi nitafunga mdomo. Akisema hakusimama, basi mtanisamehe, lakini nimekuja tayari." Akaupigapiga mfuko.

*

Jioni Alen aliomba apelekwe kwenye mashine. Secilia akatembea polepole juu ya matope, miwani usoni, Loveness nyuma yake akiwa ameishika juu simu iliyoipa miwani mtandao, kama mshumaa wa Krismasi. Kwenye mlango wa kibanda Secilia aliinua macho kwenye boriti. Pale Alen alikuwa akigonga paji la uso tangu alipoingia sekondari, na kila mara alimlaumu baba yake kwa kujenga mlango wa watu wafupi.

"Inama," alisema, kwa mazoea.

"Nimeshaingia, mama."

Na kweli alikuwa ndani, kando ya mota, chini chini. Kichwa chake kilikuwa usawa wa mdomo wa gunia.

"Mbona uko chini hivyo?"

"Nimekaa. Niko kwenye kiti cha kazi." Kisha kichwa kikainama kuelekea sakafuni, kikazama nyuma ya gunia, kikarudi. "Samahani. Nimeangusha kalamu."

Secilia alimgeukia binti yake. "Amezama kwenye sakafu."

"Akiinama huko, anainama na hapa," alisema Loveness. "Mtambo unafuata kichwa, mama. Miguu haiijui, lakini kichwa haukikosei hata kidogo. Akisimama utaona kinapanda."

Mshale wa kijani ukatokea hewani, ukateremka, ukatua juu ya nati moja pembeni ya mkanda.

"Tate aliilegeza hiyo siku ile," alisema Alen, akimtaja baba yake kwa lugha ya nyumbani. "Tulikuwa tunaongea. Akaniambia subiri, nipumue kidogo." Mshale ukaigusa ile nati tena. "Naomba uikaze, mama."

Spana ilikuwa mahali ilipoangukia, hakuna aliyethubutu kuiokota. Secilia akaiokota. Mpini ulikuwa na unga. Hakuwa amewahi kukaza kitu chochote cha mashine ile, maana maisha yake yote alikuwa upande wa kupokea debe na kupepeta, lakini mshale ulizunguka polepole kumwonyesha njia, naye akaufuata.

"Kaza. Kidogo tena. Usiogope, haiumi. Basi. Hapo hapo, mama."

Akasimama na spana mkononi, akipumua kama aliyepanda mlima. Mkono wa mwanawe, mweupe, usio na kucha, ulikuwa umelala juu ya wake. Hakuhisi chochote, na alibaki vile vile kwa muda ili asiuondoe.

"Alen. Watu wanasema umesahau kwenu."

"Najua."

"Ni kibali kweli?"

"Ni kibali, mama."

"Basi simama nikuone. Miaka mingapi sijakuona umesimama."

Loveness alitazama simu, mtandao ulikuwa mzuri.

"Leo nimechoka sana. Nimeshinda kazini nimesimama," alisema Alen. "Kesho, mama. Kesho nitasimama."

*

Kaburi lilichimbwa kwenye tuta la chini ya kibanda, pembeni ya miti ya miwati, na siku ya maziko ukungu ulipanda kutoka bondeni ukakaa pamoja na waombolezaji kama ndugu aliyechelewa. Loveness alikuwa amepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, simu juu, betri ya akiba mfukoni mwa sweta la shule. Secilia alisimama mbele ya watu wote na khanga nyeusi kichwani na miwani minene usoni. Watoto walicheka, wakapigwa makofi ya kisogoni, wakacheka tena kwa ndani. Mwanamke mmoja wa mbali aliuliza kama mjane ana mtoto wa jicho.

"Anamwangalia mwanawe," alijibiwa.

"Yuko wapi?"

"Kwenye miwani."

"Maskini," alisema yule mwanamke, na haikujulikana anamsikitikia nani.

Alen alikuwa pale. Alikuwa ametokea kichwani pa kaburi, mahali penyewe, mbele ya lundo la udongo ambamo mtu alikuwa amechomeka jembe. Uso wake wa katuni haukuweza kulia, hivyo ulitabasamu kidogo muda wote, kama ulivyotengenezwa. Sikioni Secilia alisikia pumzi zake halisi.

Mwinjilisti Benjamini alifungua kitabu. "Wote tusimame."

Waliokuwa kwenye mabenchi wakasimama. Bibi mmoja aliyeletwa kwa kubebwa akainuliwa kwa makwapa, miguu yake ikigusa nyasi kwa adabu tu. Kamba zikakazwa, jeneza likaondoka juu ya miti, likaanza kushuka.

"Alen," Secilia alinong'ona. "Simama. Baba yako anashuka."

"Nimesimama, mama."

Kichwa hakikupanda.

Secilia alingoja. Alijua sauti huchelewa, labda na urefu nao huchelewa njiani. Jeneza lilipita nyasi, likapita mizizi, likaingia kwenye udongo mwekundu. Kichwa cha mwanawe kilibaki pale pale, chini ya mpini wa jembe. Mpini ulikuwa umempita. Mpini wa jembe la kawaida, ambao kwa Secilia mwenyewe hauvuki kifua, ulikuwa umempita mtoto aliyegonga boriti.

"Alen."

"Nimesimama, mama," alisema tena, na safari hii alisema kama alivyokuwa akisema utotoni kwamba amenawa mikono.

Secilia akapiga hatua moja mbele. Scholastica akamdaka kiwiko, akidhani analifuata jeneza. Vitu vikaja kwa zamu yao, polepole, kila kimoja kikajitambulisha kama mgeni kwenye sherehe. Kochi. Meza. Kiti cha kazi. Kibali. Tobia akifunga kabati: hii si ya macho ya mama.

Jeneza likafika. Kamba zikalegezwa. Benjamini akainua macho kutoka kwenye kitabu, akamgeukia, na kwa sauti ya kazi yake akauliza mbele ya watu wote, "Mama Alen. Tunaomba utuambie. Kijana amesimama?"

Upande wa pili wa kaburi Sefania aliingiza mkono mfukoni.

Mwanamke aliyelipia peasi alitazama kichwa kidogo cheupe kilichotabasamu chini ya mpini wa jembe.

"Amesimama," alisema.

"Wapi?" aliuliza Sefania.

"Hapo kichwani, penye jembe."

"Tuonyeshe, shemeji. Ametokea vipi? Ni Alen yule yule?"

Secilia akauondoa mkono wa Scholastica. Akapiga hatua hadi kwenye lundo la udongo, akainua mkono wake juu ya lile jembe, juu ya khanga yake mwenyewe, akajinyoosha kwa vidole vya miguu mpaka kiganja kikafika mahali ambapo kingemfikia mtu anayelazimika kuinama mlangoni. Akakilaza hewani.

"Amefika hapa," alisema. "Yule yule."

Kaumu yote ikatazama juu, kwenye kiganja. Sefania alitazama kwa muda. Kisha mkono wake ukatoka mfukoni, mtupu.

"Atupe udongo," alisema Benjamini, kwa sauti iliyokuwa imepungua kidogo.

Secilia aliinama akachota kwa mkono wa kulia. Sanamu ikanyoosha mkono wake mweupe, ukaingia ndani ya mkono wa mama, na mikono hiyo miwili, mmoja wenye udongo na mmoja usio na kitu, ikafunguka pamoja. Udongo ukagonga mbao.

Hapo ndipo alipopiga magoti.

Akina mama walitaka kumnyanyua, kwani mjane hapaswi kuanguka kabla udongo haujajaa. Alikataa kwa mabega. Alijisogeza juu ya magoti, khanga ikiburuta kwenye matope, mpaka uso wake ukawa usawa na uso wa mwanawe, na wakatazamana.

"Lini?" alinong'ona.

"Mwaka jana. Ghalani, kazini. Gari la kubebea mizigo."

"Miguu yote miwili?"

"Yote miwili, mama."

"Na baba yako?"

"Tate alijua. Siku moja aliniambia nisimame nimwonyeshe waya wa juu. Alisema nisikuambie. Alisema atakuambia yeye mwenyewe, njegere zikishavunwa."

Njegere zilikuwa shambani, zinachanua.

"Ungekuja hivyo hivyo," alisema Secilia. "Ningekubeba."

"Njia hii, mama? Ningebebwa mgongoni na baba mdogo, watu wote wakinitazama?"

Njia aliijua. Hata majeneza yenye wabebaji sita huteleza.

"Mama, watu wanakutazama," alisema Alen haraka. "Inuka. Kuna mahali pa kubonyeza huku, naweza kujirefusha. Nilikuwa nataka kubonyeza tangu asubuhi, mkono ukakataa. Nabonyeza sasa hivi, nitakuwa mrefu, uinuke unione vizuri."

"Usibonyeze."

"Mama..."

"Usibonyeze chochote. Kaa hivyo hivyo. Nimekuona."

Juu ya jiwe Loveness aliita kwamba chaji inakwisha. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Alikuwa ameshamwona mama yake anatazama wapi.

Nyuma yao koleo zilianza kazi. Sefania alizunguka kaburi, akaja mpaka penye jembe, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, alikuwa tu na kufuli. Akainua uso, akautazama ukungu mahali pale juu ambapo kiganja cha shemeji yake kilikuwa kimelala, akajikohoza.

"Pole, baba," aliuambia ukungu. "Pole sana, Alen. Umesimama kiume."

"Baba yako mdogo anakupa pole," Secilia alisema, chini, kwenye matope. "Mwitikie."

Alen aliitikia. Ilichukua muda, na mtandao ulikuwa mzuri.

"Anasema asante," Secilia alimwambia Sefania, bila kuinuka.